Siku tatu kwenye tamasha la katuni: meza za wachoraji nazipa tano, ukumbi mkubwa siupi kitu

Jamani nimerudi toka kwenye tamasha la vitabu vya katuni, haya wanayoita komikoni, siku tatu nzima Ijumaa mpaka Jumapili, miguu bado inawaka moto na sauti ndo kwanza inarudi, nimeona niandike sasa hivi kabla sijasahau maana mi mwenyewe kabla ya kwenda nilitafuta sana maelezo nikakuta watu wanasifia mapicha ya mavazi tu, hakuna anayekwambia ukifika pale uanzie wapi na kipi uachane nacho. Nilienda na mtoto wa dada yangu, ana miaka 13, anachora toka alipojua kushika penseli, na yeye ndo sababu ya safari nzima.

Niseme kabisa mapema. Moyo wa tamasha uko kwenye zile meza za wachoraji, kule wanakokuita uchochoro wa wachoraji, ambako mtu aliyechora kitabu amekaa kwenye kiti cha plastiki na we umesimama mbele yake mnaongea. Mengine yote, mastaa, trela, vibanda vya midoli, ni mazuri lakini mengi utayaona kwenye simu yako nyumbani. Sisi hili tulilijua tumeshapoteza siku moja.

Ijumaa yetu yote iliishia kwenye foleni. Ratiba ilisema saa nane mchana kuna waigizaji wanakuja ukumbi mkubwa, mtoto anawapenda, nikasema tuwahi, saa tatu asubuhi tushapanga mstari, mbele yetu kuna watu waliolala palepale nje na mablanketi. Foleni inasogea inasimama, inasogea inasimama, saa sita kijana wa kujitolea akapita akatuambia msijali nyie mtaingia, tukafurahi, saa nane kasoro dakika kumi mlango ukafungwa mbele yetu wamebaki watu kama thelathini hivi. Masaa matano. Kumbe walioingia kwenye mazungumzo ya asubuhi hawatolewi, mtu anakaa kwenye kiti chake toka asubuhi anasubiri kipindi cha mchana, na hilo halikuandikwa mahali popote, si kwenye ratiba, si kwenye bango, wala yule kijana hakulijua. Mtoto hakulia ila alinyamaza kimya mpaka tunafika kulala, na mi ule ukimya uliniuma kuliko kama angelia.

Baadae nimekaa nimefikiria nikaona hii wala si bahati mbaya, ni hesabu. Chukua San Diego Comic-Con kule Marekani, inapokea watu zaidi ya 130,000, na ule ukumbi wake maarufu, Hall H, una viti kama 6,500. Gawanya mwenyewe, katika kila watu 20 ni mmoja tu anaweza kukaa mle kwa wakati mmoja, na wao pia hawatoi watu nje kati ya kipindi na kipindi, ndo maana watu wanalala barabarani. Kwa hiyo ukijipanga kwenye foleni ya ukumbi mkubwa ujue unauza siku nzima upate saa moja, na ukiwa na mtoto ambaye ndo mara yake ya kwanza hiyo biashara hailipi kabisa. Kama tamasha lako wanagawa bangili za kuingilia au wanachezesha bahati nasibu mtandaoni kupata nafasi, hapo sawa, jaribu, ukikosa unajua mapema unaenda zako kwingine. Waandaaji wa hili letu nawaomba kwa moyo wote, andikeni tu kwenye bango kwamba ukumbi hautolewi watu. Sentensi moja ingetuokolea Ijumaa yetu.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba haya mambo yalianza vingine kabisa. Hiyo San Diego yenyewe Machi 1970 ilikuwa siku moja tu, chini kwenye basementi ya hoteli ya U.S. Grant, watu mia na kitu, Agosti mwaka huohuo wakafanya ya siku tatu wakaja watu kama 300 na kati ya wageni alikuwepo Jack Kirby, mmoja wa wachoraji wakubwa kabisa wa katuni Marekani. Watu 300! Yaani we shabiki wa kawaida unamkuta Kirby kakaa unamuuliza swali lako anakujibu. Comiket, tamasha la katuni la Tokyo, nayo ilianza Desemba 1975 na makundi 32 ya watu wanauza vijitabu walivyochora wenyewe, waliofika ni kama 700, leo wanajaa watu malaki lakini mpaka kesho wanasema pale hakuna mteja, anayeuza na anayenunua na anayepanga meza wote ni washiriki. Hiyo ndo roho niliyokuwa naitafuta mi, na tuliipata Jumamosi.

Jumamosi mtoto alivaa. Alivaa Storm, yule mwanamke wa X-Men, lile kundi la mashujaa wa katuni, mwenye nywele nyeupe anayeita mvua na radi, alitokea mara ya kwanza 1975, Len Wein akiandika na Dave Cockrum akichora, na kwenye hadithi mama yake ni binti wa kifalme kutoka Kenya, kwa hiyo mtoto alishaniambia mama mdogo huyu ni wetu hakuna mjadala. Joho tulishona wenyewe miezi miwili, wigi jeupe, buti tulizipaka rangi, na radi mkononi tumekata kwenye sponji ngumu. Mlangoni kuna meza ya kukagua silaha za bandia, kila panga kila bunduki kila fimbo inapitia pale, chuma halisi hairuhusiwi na kitu kinachorusha chochote hakiruhusiwi, wakiridhika wanafunga kamba ya plastiki ya rangi ya chungwa ili walinzi ndani wajue imekaguliwa. Dakika mbili tumemaliza, wameiangalia radi yetu, wameibonyeza, wamemsifia mtoto, wamefunga kamba. Hapa nawapa pongezi za dhati, hawakumharakisha wala hawakumcheka.

Ndani sasa. Sijui nielezeje. Mtoto wangu huyu shuleni ni mkimya, anakaa nyuma, na pale kila hatua tano mtu anamsimamisha, samahani Storm tunaweza kupiga picha? Na wanaomba kwanza, hilo nililipenda mno, kuna mabango makubwa kila kona kwamba kuvaa vazi si ruhusa ya kuguswa. Tamasha la katuni la New York lilianza kuweka mabango ya namna hiyo 2014 na sasa ni kawaida sehemu nyingi. Kama unaenda na binti wa umri huu angalia hicho kitu kabla hujanunua tiketi, soma kanuni zao, ukikuta hawajaandika chochote kuhusu kuguswa na kupigwa picha mi nakushauri usiende.

Saa tano hivi soli ya buti ikabanduka. Ya kulia, kuanzia kisigino mpaka katikati, inapiga sakafu pa pa pa kila akitembea na macho yameanza kujaa machozi. Kumbe kuna meza ya kurekebisha mavazi, bure kabisa, nyuma kidogo karibu na vyumba vya kubadilishia nguo, ina cherehani, sindano, pini, gundi ya moto, uzi wa kila rangi. Mama mmoja wa makamo akamkalisha mtoto, akamvua buti, akapangusa vumbi kwanza na kitambaa (akasema gundi haishiki vumbi, watu wengi wanakosea hapo), akapaka gundi kidogo kidogo kutoka katikati kwenda nje, akaibana na vibanio vinne, akasema tusubiri dakika kumi. Na kwenye hizo dakika kumi akamhadithia mtoto kwamba zamani sana, 1939, mkutano wa kwanza wa dunia wa hadithi za kisayansi ulifanyika New York, akaja dada mmoja Myrtle Douglas, wenzake wakimwita Morojo, kashona mwenyewe vazi la watu wa wakati ujao na kamshonea na mwenzake Forrest Ackerman, wawili tu ndo wamevaa hivo katikati ya watu wenye suti. Akamwambia binti, wewe na mimi tumetokea pale, kwenye cherehani ya yule dada. Buti haikubanduka tena mpaka tumerudi nyumbani.

Sasa wachoraji. Tuliingia upande wao kama saa saba na nikajilaumu kwa nini hatukuanzia huku. Meza ndefu zimepangana, kila meza futi chache tu, nyuma yake mtu na kazi zake. Wengine wana majina makubwa wana foleni, wengine ndo kitabu chao cha kwanza wamekichapa kwa hela zao, na ukisimama tu wanaanza kukueleza hadithi na macho yanawaka.

Kuna mzee mmoja, mvi kichwa kizima, alikuwa kainamia ubao wa inchi 11 kwa 17, hiyo ndo saizi wengi wanachorea ukurasa mmoja, ukija kuchapwa unapunguzwa na mistari yote inakaza. Alikuwa anaweka wino. Aisee. Brashi ndogo ncha kama sindano, anachovya, anaigusisha kwenye ukingo wa kichupa kutoa wino wa ziada, anazungusha ubao wala hazungushi mkono, anabana pumzi, mstari unaanza mwembamba begani unanenepa kwenye kiwiko unakuja kuishia kidoleni kama unywele, ndo anapumua. Tulisimama dakika kumi hatujasema neno. Chini ya wino kuna penseli ya bluu iliyopauka, mtoto akauliza kwa nini bluu, mzee bila kuinua kichwa akamwambia zamani kamera za uchapaji zilikuwa hazioni bluu hiyo, kwa hiyo ulikuwa huna haja ya kufuta, siku hizi ni skana lakini mkono umeshazoea.

Alafu akaona kitabu cha michoro kwapani. Hicho cha nani? Changu. Lete. Akakipitia ukurasa kwa ukurasa, taratibu, hasemi kitu, mtoto ananiminya vidole mpaka vinauma. Akarudi nyuma kurasa kadhaa akaanza kuonyesha na kishikio cha brashi. "Mwanangu, huyu mikono iko mfukoni. Huyu iko mgongoni. Huyu joho limeifunika. Huyu umemkata picha kwenye kifundo. Mikono unaikimbia."

Na ni kweli kabisa! Miaka yote naangalia hiyo michoro, naisifia, nabandika kwenye friji, sijawahi kuona. Hakugusa mchoro wake hata kidogo, alichukua kipande cha tresing pepa, ile karatasi nyepesi inayoonyesha kilicho chini, akakilaza juu, akachora mkono pale ulipotakiwa kuwa, kwanza kiganja kama kijiboksi kilichobanwa upande mmoja, alafu kidole gumba peke yake, alafu vidole vinne vyote kwa pamoja kama kitu kimoja, mwisho kabisa ndo akavitenganisha. Kama dakika sita hivi. Akampa ile karatasi akamwambia mkono wako wa kushoto unao siku nzima na haudai malipo, uchore, kesho uniletee. Na nyuma yetu kulikuwa na watu wanasubiri kununua, hakuna aliyenung'unika.

Tulinunua kwake kitabu na printi mbili na hapa naomba mnielewe vizuri. Vitabu vingi vya katuni vimechorwa na watu wanaolipwa kwa ukurasa, mhusika si wao, ni wa kampuni. Jerry Siegel na Joe Shuster, wale waliombuni Superman, mwaka 1938 waliuza haki zake zote kwa dola 130, fikiria, dola 130 wagawane wawili. Kwenye meza hela inatoka mfukoni mwako inaingia mfukoni mwa aliyechora, hakuna wa katikati. Kwa hiyo usiende pale ukaanza kuomba upunguziwe kama uko mnadani, na begi lako usiliweke juu ya kazi za mtu, na usipige picha mchoro bila kuuliza. Ukitaka kuchorewa kitu chako wewe, ile ya oda, wahi siku ya kwanza asubuhi maana orodha inajaa haraka sana, ulizia kabisa utaipata palepale au atakutumia baadae, na njoo na picha ya mhusika kwenye simu usimwambie tu chora unavyojua.

Upande wa wauza vitabu vya zamani sitakaa sana, mi si mkusanyaji mkubwa, ila kwa niliyojifunza Jumapili kwa kaka mmoja mwenye subira: kabla hujalipa soma yale maandishi madogo kabisa chini ya ukurasa wa kwanza au ndani ya kava, pale ndo utajua kama ni toleo halisi au limechapwa upya, maana kava zinafanana. Angalia pini za katikati kama zina kutu. Hesabu kurasa, hakikisha karatasi ya katikati ipo, zinachomokaga. Harufu pia. Karatasi ya zamani ina asidi ndani yake inajila yenyewe inakuwa ya njano, ndo maana wanaweka kwenye kava la plastiki na kadibodi isiyo na asidi kwa nyuma. Vile vilivyofungiwa kwenye kasha gumu vimepimwa ubora wa hali yake na kampuni kama CGC, walianza 2000, alama ni kuanzia 0.5 mpaka 10, na ukilivunja hilo kasha alama imekufa. Sasa kama una kitabu unataka kisainiwe na pia kipimwe na saini itambulike, njia ya uhakika ni mchoraji asaini mbele ya shahidi wao, kikisainiwa kwanza kienyeji wanaweza kukiona kama kitabu kilichochorwachorwa. Kuna dada tulikuwa nae kwenye mstari hakulijua hilo, amesainiwa kitabu chake, ameenda kwenye kibanda cha kupima wakamwambia hivo, alikaa chini sakafuni. Nilimhurumia sana. Bei Jumapili mchana zinashuka kwa sababu hakuna anayetaka kubeba maboksi kurudi nayo, lakini vizuri vinakuwa vimeshaenda toka Ijumaa, chagua mwenyewe.

Mengine kwa haraka. Vyumba vidogo vya mazungumzo vilikuwa vizuri sana, tulikaa kwenye kimoja cha waandishi wa herufi, wale wanaoweka maneno kwenye viputo, watu ishirini tu humo ndani na kila mwenye swali alijibiwa, ila kuta zao ni mapazia kwa hiyo ukiwa nyuma unasikia vya jirani zaidi ya vya kwenu. Sehemu za kujaza maji mbili tu kwa jumba lote na moja iliharibika Jumamosi, hii haikubaliki ukizingatia watu wako ndani ya mawigi na masponji. Wenye kiti cha magurudumu walikuwa na mlango wao na nafasi zao mbele, na kuna chumba kimya, taa hafifu, kwa mtu aliyezidiwa na kelele, mtoto aliingia mara mbili akakaa robo saa akatoka mpya. Ratiba ya kwenye simu ilikuwa inachelewa, kipindi kimehamishwa chumba we unajua ukifika. Viatu, vaa vya zamani ulivyovizoea, usijaribu vipya siku hiyo. Na barakoa si mbaya, mi nimerudi na mafua na nusu ya tuliokutana nao kule wananiambia hivohivo.

Jumapili saa nne tulirudi kwa mzee. Mtoto alikuwa amechora usiku ule mpaka namzimia taa, mikono kumi na moja, mingine kama mizizi ya mti kwa kweli. Mzee akaipanga yote mezani akaiangalia kama anavyoangalia kazi ya mtu mzima mwenzie, akaweka kidole kwenye mmoja. "Huu wa saba ndo mkono. Hii mingine ulikuwa unakumbuka, huu ulikuwa unaangalia." Basi. Hakusema una kipaji, hakusema utafika mbali, na mtoto aliondoka pale anatembea kama kapewa tuzo.

Kwa hiyo mwakani tunaenda, tiketi za siku mbili, Jumamosi na Jumapili, na mlango ukifunguliwa tunanyoosha moja kwa moja kwa wachoraji, nyie wa ukumbi mkubwa tutawaona mkitoka. Mpangilio naupa tatu kwa tano kwa sababu ya foleni na maji. Meza ya kurekebisha mavazi na wachoraji nawapa tano kwa tano, ningekuwa na sita ningewapa.

Vitabu tulivyonunua viko kwenye boksi chini ya kitanda. Kava moja la plastiki na kadibodi moja isiyo na asidi tulivyokuja navyo, mtoto kavitumia kuhifadhia ile tresing pepa, kaibandika juu ya meza yake, na pembeni yake juzi nimehesabu mikono kumi na nane, ya kushoto yote.